Injinia Atafuta Tundu

Siku ya tatu Injinia aliingia karakana bila hodi, akatupa mkoba wake juu ya vitambaa vilivyokwisha kupigwa pasi, akasema, "Leo hii kompyuta itanitambua mimi ni nani."

Macho akauhamisha ule mkoba. Kwa maoni yake kompyuta ilikuwa imeshamtambua tangu siku ya kwanza.

Karakana ilikuwa ya Mama Mkubwa, dada wa mama yake Macho, na kazi yake ilikuwa kutarizi nembo: za shule, za walinzi, za timu za mpira. Macho walimpa jina hilo kwa sababu tangu utotoni alikuwa mtu wa kutazama kwanza na kusema baadaye, au asiseme kabisa. Yeye ndiye aliyechora nembo kwenye kompyuta, na mashine ikazishona. Miaka sita ya kuchora, michoro mia nne na zaidi, yote imo ndani ya diski ngumu moja, kipande cha chuma kinachotosha kiganjani. Juma lililopita umeme ulikuja kwa hasira ukaunguza kompyuta. Diski ikapona. Wakatafuta kompyuta nyingine iliyotumika, diski ikahamishiwa humo, wakawasha. Kioo kikageuka buluu, kikaandika maneno meupe, kikanyamaza.

Ndipo akaja Injinia. Hakuitwa, alijileta. Alikuwa amemwoa binti wa Mama Mkubwa, na mama mkwe hagombani na mkwewe. Mama Mkubwa hata kumtazama usoni aliona haya. Lililomkera alilitamka kwa kuutazama ukuta, akilipitishia kwa Macho. Lakini Macho kwake alikuwa shemeji, na shemeji ana ruhusa ya kutania.

"Shemeji, leo umeleta dawa gani?"

"Wewe tazama tu ujifunze." Injinia akatumbukiza CD ya Windows ya zamani, kwa kuwa programu ya kutarizi ilikuwa ya kizee na haikukubali nyingine. Kompyuta ikanguruma kidogo, kisha ikaandika kwamba haioni diski ngumu yoyote. Kama juzi. Kama jana.

"Haina draiva," akasema Injinia, kwa sauti ya mtu anayewahurumia wasiosoma. "Draiva ni kiprogramu cha kuitambulisha diski kwa kompyuta. Nikibonyeza F6 upesi, itaniomba."

Akabonyeza. Ikamwomba. Iliitaka draiva kwenye flopi, ile diski nyembamba ya zamani ya kuchomeka, itiwe kwenye tundu la A, na kompyuta ile haikuwa na tundu la flopi mbele wala nyuma. Injinia alikuwa amekwisha kulitafuta kwa siku mbili. Jana alikuja na flopi halisi, kijisahani cheusi cha mraba alichokipata kwenye droo ya baba yake. Akakipuliza vumbi, akakizungusha huku na huku, mwisho akajaribu kukipenyeza kwenye matundu ya kupitishia hewa. Flopi hiyo bado ilikuwa mezani kwa Macho, kona moja imechubuka. Leo alikuwa na flash.

"Shemeji, inaitaka kwenye A. Na jana ulisema haina A."

"Wewe wa darasa la saba, utajua nini habari za A?"

"A naijua, Shemeji. Ndiyo ya kwanza."

Mama Mkubwa akakohoa, akajifanya anatafuta mkasi. Injinia akachomeka flash, akabonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu zaidi kama kwamba kompyuta ilikuwa kiziwi. Jibu lilikuwa lile lile. Alitwanga maji hivyo mpaka karibu saa sita, kisha akajinyoosha.

"Diski imekufa," akatangaza. "Saa nane nakuja kuichukua, naenda kuisafisha ofisini. Nafuta kila kitu, inarudi kama mtoto mchanga."

Macho akaacha kukunja vitambaa. "Na michoro?"

"Utachora upya. Si vidoti tu?"

Maiti huoshwa, hilo Macho alilijua. Kwamba ikishaoshwa inarudi kazini, hilo alilisikia kwa Injinia peke yake.

"Mwambie shemeji yako asichelewe kula," Mama Mkubwa akauambia ukuta.

Injinia alipotoka, mama yule akakaa kitako kama aliyetuliwa mzigo. "Mungu anisamehe," akasema. "Na mwanangu alikuwa na wachumba watatu."

Macho akapitisha mkono kwenye ubavu wa kompyuta uliokuwa wazi, akaweka kiganja juu ya diski. Ilikuwa na joto, na ndani yake kitu kilizunguka kwa mlio mwembamba, sawasawa. Akaiwasha kompyuta upya, akachukua daftari, akakaa mbele ya kioo. Alikuwa ametarizi kaulimbiu za shule katika lugha ambazo hakuzielewa hata neno, na hakuwahi kukosea herufi, kwa sababu herufi iliyoshonwa vibaya haifutiki, inafumuliwa uzi kwa uzi. Basi akanakili kila kilichoandikwa kwenye kioo: ile buluu, ile ya kukosa diski, na ile ya kuomba flopi. Akaacha nukta zilipo, na nafasi zilipo.

Akavuka barabara kwa Muuza Spea, ambaye alikuwa ameketi katikati ya kompyuta zilizopasuliwa matumbo, anatafuna karanga.

"Kaandika nani hivi?"

"Mimi."

"Umeandika mpaka mabano." Akasoma yote mara mbili. "Hiyo kompyuta haina pa kutia flopi?"

"Haina."

"Na fundi wenu anafanya nini?"

"Anatafuta pa kuitia."

Muuza Spea akaacha kutafuna. "Siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

Akajifuta midomo taratibu, kama mtu aliyepewa habari za msiba wa jirani asiyempenda. "Sikiliza, dada yangu. Kompyuta yenu inaongea na diski kwa mtindo mpya, unaitwa AHCI. Windows ya zamani haiujui mtindo huo mpaka ipewe draiva, na imezoea kupewa kwa flopi. Asiye na flopi anachoma CD nyingine yenye draiva humo humo ndani. Au anaiambia kompyuta iongee kizamani, IDE. Na Windows yenu si bado imo kwenye diski?"

"Imo. Na michoro yangu imo."

"Basi hamna cha kuweka upya. Iambieni iongee kizamani." Akaandika kwenye daftari: F2 mara tu ukiwasha, tafuta mstari wenye AHCI, geuza uwe IDE, F10 kuhifadhi. "Na mtu asifute kitu."

"Anakuja kuifuta saa nane."

"Sasa hivi saa saba na nusu. Mbona bado umesimama?"

Mara ya kwanza alichelewa kubonyeza, ile buluu ikaja kumcheka. Mara ya pili kidole kilitangulia, ukafunguka ukurasa mwingine wenye mistari mingi. Akaishusha alama mstari kwa mstari, akilinganisha herufi na za daftarini. A, H, C, I. Akazigeuza. F10. Kioo kikawa cheusi kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

Kisha ikafunguka. Macho akaenda moja kwa moja kwenye mchoro wake wa kwanza kabisa, jogoo wa timu ya mpira, miguu minene kama ya tembo. Alikuwepo. Na mingine yote ilikuwepo nyuma yake.

Saa nane Injinia alirudi, kijiti mdomoni, akaikuta mashine inashona. Akatazama kioo, akatazama diski, na kabla kope hazijakutana alikuwa na jibu.

"Si niliwaambia? Ile kazi ya asubuhi ilikuwa bado inajipanga ndani kwa ndani."

"Mwambie shemeji yako tumeona," Mama Mkubwa akauambia ukuta.

Injinia akavimba kama chura, akatoa shati jeupe mkobani. "Basi nitarizieni hapa kifuani. INJINIA MKUU. Na chini yake alama ya kompyuta, yoyote, shemeji utajua mwenyewe."

Macho akaitazama ile flopi mezani. Akaichora ilivyo: mraba mweusi, mdomo wa fedha, lebo nyeupe, na kona iliyochubuka pia hakuisahau. Mashine ikashona pole pole, uzi haukukatika hata mara moja.

"Hii ni nini?" Injinia akauliza, akijigeuza mbele ya kioo cha kujitazamia.

"Alama ya fani yako, Shemeji."

"Imenikaa!"

Akatoka kifua mbele, akavuka barabara. Kupitia dirishani Macho alimwona Muuza Spea akiinua macho, akasoma kile kifua kutoka juu hadi chini, halafu karanga zikampalia, akashika meza kwa mikono miwili.

Mama Mkubwa naye alikuwa amefika dirishani. Safari hii hakuutazama ukuta.

"Huo mchoro umeuhifadhi?"

"Nimeuhifadhi, Mama Mkubwa."

"Vizuri. Ana mashati mengine manne."