Ngozi ya Chelimo

Mama yake Kipketer alipiga simu Jumapili baada ya kanisa, na siku hiyo hakuwa na salamu ndefu. Cate, mkewe Kipketer, alikuwa amemtumia picha ya mtoto, picha ya kufurahisha bibi tu, lakini yule mama ana macho. Aliona vipele shingoni.

"Jumamosi nakuja," akasema kutoka kwao Keringet, kule mlimani. "Nikipata hiyo ngozi bado iko hivyo, narudi na Chelimo huku. Mtoto wa miezi mitano hawezi kulelewa na mwanaume. Mmejaribu, imeshindikana, si mbaya."

Hiyo "si mbaya" ndiyo ilimkata Kipketer maini. Angetukanwa ingekuwa afadhali.

Ukweli usemwe, hakuwa amejipeleka kwenye kazi ile ya kulea. Mkataba wake wa kuendesha lori kwenye mitambo ya umeme wa mvuke uliisha mwezi uleule Chelimo alipozaliwa. Likizo ya Cate ilipokwisha, akarudi kwenye shamba la maua, kule wanakochambua waridi na kuyafunga. Yaya alipatikana, akakaa siku tisa, akaondoka bila kuaga. Siku ya kumi Kipketer akakunja mikono ya shati. Ploti nzima ya wapangaji pale Karagita, Naivasha, ilikuja kuona dereva wa lori akianika nepi, na wengine walikuja mara mbili. Aliwaacha waangalie. Alikuwa ameshazipenda zile asubuhi, yeye na binti yake, na hakuna mtu angemwambia kwamba hiyo si kazi.

Sasa miezi miwili imepita, na mtoto ana vipele.

"Mama yako akishika jambo, ameshika," Cate alisema usiku ule. Alikuwa anamnyonyesha Chelimo na machozi yalikuwa karibu. "Ketter, akienda Keringet nitamwona lini? Krismasi?"

"Haendi."

"Unasema tu."

Kweli alikuwa anasema tu. Hakujua vipele vinatoka wapi. Alikuwa amebadilisha sabuni, vikabaki. Alikuwa amechemsha nepi mpaka zikapoteza rangi, vikabaki. Na maagizo ya mama yake aliyafuata yote, neno kwa neno, maana alikuwa na adabu. Kila asubuhi alimpaka Chelimo mafuta ya kukamulia, yale ya chuchu za ng'ombe ambayo nusu ya watoto wa mlimani wamekulia, kutoka shingoni hadi vidoleni, mpaka akang'aa. Halafu fulana. Halafu sweta tatu, zote za kufumwa na mama kwa mkono wake. Halafu kofia ya sufu, na shali juu. Keringet hivyo ndivyo mtoto anavyovishwa. Kule kuna asubuhi unaamka nyasi ni nyeupe kwa baridi, na mama anayetoka na mtoto wa sweta moja anaulizwa njiani kama nyumbani kuna shida.

Jumatatu, saa saba mchana, Chelimo alilia kilio ambacho si cha njaa. Nyumba ni ya mabati, na jua la Naivasha saa saba halina huruma na mabati. Kipketer mwenyewe alikuwa amebaki na vesti. Akamlaza mtoto kitandani, akamvua shali, akamvua kofia, akamvua sweta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fulana ilikuwa imelowa. Chelimo akanyamaza hapohapo, akamwangalia babake kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Kipketer akainama. Usoni hakuna kipele. Viganjani hakuna. Vipele vilianza pale ukosi wa sweta unapoanzia, vikashuka kifuani, vikajaa kwapani na kwenye mikunjo ya shingo, vikakoma kwenye kifundo cha mkono. Vilikoma kwa mstari. Mstari ule ulikuwa wa sweta.

Akakaa kitandani. Mtu mzima, leseni ya magari makubwa, amekaa amevaa vesti kwa sababu ya joto, na pembeni ana mtoto aliyemvisha kwa baridi ya mji mwingine, tena juu ya mafuta mazito ya kuziba kila kitundu cha jasho. Alijikasirikia mpaka masikio yakamwaka. Angemtukana mtu, lakini mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Hakutaka kubahatisha. Jumanne alfajiri alikuwa kliniki, mwanaume pekee kwenye foleni ya akina mama, na alipofika kwa nesi alieleza yote: mafuta, sweta, mstari. Nesi, mama mmoja anaitwa Wangare, alimfunua Chelimo, akatazama, akacheka kidogo.

"Ni joto. Hata hukuhitaji kuniuliza," akasema. "Maji vuguvugu tu, sabuni kidogo isiyo na manukato au uache kabisa. Mkaushe vizuri kwenye mikunjo. Mafuta mazito weka kando. Nguo ya pamba, nyepesi. Ukitaka kujua kama ana baridi, mguse nyuma ya shingo, usiguse mikono. Na vikitoa usaha au akipata homa, mlete mara moja." Halafu akawageukia wale akina mama. "Mmesikia baba huyu alivyoangalia mtoto wake?"

Kipketer alitoka pale kifua mbele, akitembea katikati ya barabara.

Wiki hiyo alifanya kazi. Alipima maji kwa kiwiko. Alimwosha Chelimo haraka, maana kukaa sana majini hukausha ngozi. Alimkausha kwa kubonyeza taulo polepole, bila kusugua, akiinua kidevu ili afike chini ya ule mkunjo wa pili wa shingo ambako maziwa hupenda kujificha. Kwapa, nyuma ya masikio, mapajani. Akamwacha dakika chache bila nepi, akalipia jambo hilo kwa shuka mbili zilizokojolewa. Mchana fulana moja ya pamba. Jioni, upepo wa ziwa ukianza, aligusa nyuma ya shingo kwanza, ndipo akaongeza nguo. Jumatano vipele vilikuwa vimepoa wekundu. Ijumaa ulihitaji kuvitafuta.

"Kesho tumvalishe sweta moja tu, mama akiingia," Cate alisema Ijumaa. "Ya heshima. Akishakaa tunamvua."

"Hapana."

"Alizifuma kwa mkono, Ketter. Utamwambiaje?"

Hilo hasa ndilo lililomnyima usingizi. Ngozi alikuwa ameiweza. Mama alikuwa bado.

Mama alifika Jumamosi saa sita, sweta mwilini, leso kichwani, jasho likimtiririka. Alipoingia alimwona Chelimo kwenye mkeka, fulana moja, miguu mitupu, akirusha mateke. Akasimama.

"Sweta ziko wapi?"

"Nimezitoa, Mama."

"Mnataka ashikwe na kifua?"

Cate akaenda kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni. Kipketer alimvutia mama kiti, akasubiri akae.

"Mama, vipele vilikuwa vya sweta," akasema. "Na yale mafuta. Keringet ni sawa. Hapa tulikuwa tunampika. Kosa ni langu, mimi ndiye nakaa hapa, ningeona mapema."

Uso wa mama ulifungwa, na Kipketer anaujua uso ule tangu akiwa mdogo. Akaona maneno yameisha kazi. Akaweka beseni sakafuni mbele ya mama yake, akamimina maji, akatia kiwiko, akamvua mtoto. Huko kwao mwanaume hafanyi hivyo mbele ya mama yake. Lakini mikono ilikuwa inaijua kazi yake. Kichwa cha Chelimo kililala kwenye mkono wake wa kushoto, na mkono wa kulia ukapita shingoni, kwapani, mapajani, bila haraka na bila kusahau mahali. Akamtoa, akamkausha, mkunjo kwa mkunjo. Chelimo alipiga miayo.

Halafu akamweka mapajani mwa bibi yake, mtupu vile alivyozaliwa.

Mama akavaa miwani. Akainua kidevu. Akainua mkono huu, akainua ule. Akamgeuza, akapitisha kidole mgongoni. Alichukua muda wake wote, na Cate alikuwa ameganda mlangoni.

"Babako," mama akasema mwishowe, macho yakiwa bado kwa mtoto, "nikiwa nakuosha alikuwa anakuja kusimama pale mlangoni. Kila siku. Nilikuwa namfukuza. Namwambia nenda kwa wanaume wenzako." Akamshika mtoto unyayo. "Alikuwa anataka tu kukushika. Sikumpa hata siku moja."

Kipketer alishindwa pa kuangalia. Baba alikufa miaka sita iliyopita.

Mama akavua sweta yake, akajipangusa shingo, akatoa simu kwenye kifua cha gauni. Akampigia binti yake, ambaye alikuwa ameshatandika kitanda cha mtoto kule nyumbani.

"Usije stendi kesho," akamwambia. "Narudi peke yangu. Hapana, mtoto ni mzima." Akasikiliza, akakunja uso. "Kwa nini nimwache na mwanaume? Huyo si mwanaume tu. Ni Kipketer wangu, na anaosha mtoto kunishinda."

Akakata, akamrudishia Kipketer mtoto wake.