Mkwe Asiyepewa Mkono

Watu wengine wakitaka ufuo huenda Mombasa. Wa Nakuru wenye akili zao hushuka Baringo: jua ni lile lile, maji yapo, visiwa vipo, na hakuna anayekulazimisha kula pweza. Ndivyo alivyoona Nangila, na binti yake Nerima alipomwambia wanakwenda likizo ziwani, mama aliingia garini kabla ya mizigo.

Na alifurahi, usiseme. Aliletewa chai na msichana wa hoteli aliyemwita madam, akakaa ufukoni miguu majini, akikitazama kisiwa cha Kokwa ambacho kesho yake wangekizuru. Jambo moja tu lilimtia wasiwasi. Thuo, mume wa Nerima, naye alikuwepo.

Si kwamba alimchukia. Thuo alikuwa mkulima wa viazi kutoka Mau Narok, mpole, mcheshi, asiyejua kukaa bure. Lakini Nangila ni Mbukusu, na alivyolelewa yeye, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaketi bega kwa bega. Kuzaliwa Nakuru kwenye nyumba za reli hakukumlegeza hata kidogo. Tangu harusi, Thuo akitokea mlango huu, yeye alitokea ule. Siku hiyo hiyo, kijana alipofika ufukoni na kaptura, Nangila aligeuka akaanza kuukagua mgunga kana kwamba ameombwa auhamishe.

Asubuhi ya safari, akiwa nyuma ya pazia, alimsikia Thuo barazani.

"Babe, mum yako hanipendi. Tangu tuoane hata mkono hajawahi nipea."

"Si nilikuambia ni mambo ya Kibukusu?" Nerima akajibu.

"Mambo gani hayaishi? Alitaka uolewe kwenu, basi. Mimi nimechoka. Tukirudi, akikuja kukuona nitakuwa naenda shamba."

Nangila akaketi kitandani, pu. Alimpenda yule kijana kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake wa damu. Sasa afanyeje? Akimpa mkono, amevunja heshima aliyoachiwa na mama yake. Akimnyima, amempoteza. Akavaa viatu moyo ukimuuma.

Ndani ya boti aliketi nyuma kabisa, Thuo mbele, Nerima katikati kama mpaka wa kaunti. Hata hivyo raha haikuomba ruhusa. Upepo ulimpiga usoni, ndege wakapita juu, na Kipkorir, mwenye boti, akawaonyesha kiboko aliyetoa masikio tu. Nangila alicheka mpaka akasahau yaliyomsibu.

Yalikuwa yanamngoja ng'ambo. Ziwa lilikuwa limefurika na kumeza mahali pa kushukia, kwa hiyo boti ikasimama kando ya jiwe lenye utelezi. Thuo akaruka, akamshusha mkewe, halafu, kwa mazoea ya mtu mwema, akamnyooshea mama mkwe mkono.

"Mathe, shika mkono ya kijana yako," Kipkorir akasema. "Hapo ukiteleza, mamba watasema asante."

Nangila akautazama ule mkono wenye sugu za jembe. Hakuushika. Uso wa Thuo ukasawijika, akaanza kuurudisha mkono wake taratibu.

"Kipkorir!" Nangila akaita, macho yake yakiwa majini. "Mwambie huyo mtu angoje."

"Si anakusikia, mathe?"

"Wewe mwambie! Mwambie mkono mimi napea kila mtu. Nimepea makanga wa matatu, nimepea wakora wa stage, nimepea hata ule jamaa aliniuzia mahindi imeoza. Nakuru nzima mwanaume ni mmoja tu sijawahi pea. Na si ati simpendi! Nilimpea msichana wangu, na sina kitu kingine kubwa kuliko huyo. Mwambie nikimshika mkono, nitakuwa nimemfanya mtu wa kawaida."

Kipkorir alifungua kinywa apeleke ujumbe, akaona umeshafika. Juu ya jiwe, Thuo akamgeukia.

"Boss," akasema, "nisaidie hiyo kasia."

Akalishika kasia kwa mikono miwili, akakaza miguu, akamnyooshea mama mkwe ncha ya pili. Kisha akageuza uso akautazama mlima, mwenyewe, bila kuambiwa. Nangila akashika, akashuka, salama salimini. Heshima si utumwa, wahenga walisema, lakini siku ile ilimtoa jasho.

Kisiwani walichemsha mayai kwenye chemchemi ya maji moto. Nangila alikula lake nyuma ya mwamba, Thuo lake upande wa pili, na Nerima akawa tarishi wa chumvi. Kipkorir akachukua simu awapige picha.

"Haya familia, sogeleaneni kidogo. Wewe boss, ingia hapo karibu na mathe."

"Wacha mchezo," Thuo akasema, ametoa kifua mbele kama mtu aliyepewa cheo. "Huyo ni mama mkwe wangu. Sisi hatusogeleani."

Nyuma ya mwamba Nangila akapaliwa na yai, akalia kwa furaha, na hakutaka maji.