Huyu Alisimuliwa

Dukani kwetu hatuuzi kitabu cha safari kabla mteja hajakijaribu. Tajiri wangu alinifundisha hivyo wiki ileile aliyoniajiri: mwambie mteja asikimbilie kurasa za huko anakokwenda. Huko hakujui, kitabu kitamdanganya kitakavyo. Afungue mahali anapopajua, mtaa aliokulia au kituo anachoshukia kila siku. Mwandishi akiwa amepapatia hapo, na kwingine mwamini. Akiwa amechapia, rudisha kitabu kwenye rafu.

Mwanangu Chiriku, tuliyempa jina hilo kwa domo lake, alikuwa chini ya meza akikunja ramani mbovu siku Dereva alipoingia. Dereva alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na mkewe. Kizingiti chetu ni kirefu, kwa hiyo aliingia kwa kishindo.

"Taratibu, Fundi! Lori lenyewe hili halina springi."

"Basi shuka usukume mwenyewe," mkewe akamjibu. Alikuwa fundi cherehani, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Dereva aliendesha malori ya mizigo mpaka kiharusi kilipomchukua upande mmoja. Sasa alitaka kitabu na ramani ya kwenda kwenye maporomoko ya maji yaliyo kando ya barabara kuu ya mpakani, mwendo wa siku nzima. Mwenye safari hakuwa yeye. Alikuwa mkewe.

"Miaka yote nimepita pale nikiyasikia tu," aliniambia. "Barabara inazunguka nyuma ya kilima, huoni kitu, na mzigo haukusubiri ukashangae maji. Huyu naye hajawahi kutoka nje ya mji huu. Kazi yake kuwashonea wenzake nguo za safari. Nataka aende, ayaone, anieleze."

"Mimi nimeshamwambia sina shida na maji, bombani yapo," Fundi akasema.

"Bombani yapo siku gani?" Dereva akacheka. "Binti, nipe viwili vya toleo moja. Kimoja aende nacho, kingine nibaki nacho kitandani. Akinipigia simu nifungue palepale alipo."

Nikamtandazia vitabu mezani, nikamweleza jinsi ya kuvijaribu. Hakuhitaji maelezo marefu. Alivifungua kwa mkono wake mmoja mzima, kila kimoja kwenye mji mdogo wa mizani, kule malori yanakopimwa uzito. Alisoma midomo ikicheza. Kile kinene, chenye jalada la kung'aa, alikisukuma kando.

"Huyu alisimuliwa. Anasema nyumba za wageni zinatazama mto, wakati mto uko upande wa pili wa mlima. Huyu alikaa kwake na chai yake, akasimuliwa."

Kile chembamba kilimfanya atabasamu. "Huyu alifika. Kawaandika wale mbwa wa mizani, wanaolala katikati ya barabara mpaka upige honi. Mtu asiyefika hawezi kuwatunga wale mbwa."

Nikadhani biashara imekwisha. Fundi alikuwa ameinama chini ya meza, Chiriku akimwonyesha jinsi ramani moja inavyogeuka kofia. Dereva akanivuta mkono.

"Binti. Nifungie kile kinene."

"Lakini umesema alisimuliwa."

"Kina vituo vingi. Bustani, makumbusho, madaraja, sijui nini. Nataka mwandishi atakayemchelewesha." Akashusha sauti zaidi. "Daktari ameniambia moyo umechoka. Yeye hajui. Maisha yangu yote nimemzoesha kuagana nami mlangoni. Sijui kumuaga nikiwa kitandani."

Nikauliza la kijinga, kwamba hayo maporomoko yanasikikaje. Uso wake ukang'aa.

"Ukizima injini pale, unadhani hujaizima."

Nikamfungia vitabu viwili vinene na ramani moja. Ile ya madereva aliikataa, akasema ina vituo vya mafuta tu. Akachukua ya waenda kwa miguu, yenye vijia vyote.

Asubuhi ya safari, nafungua mlango wa duka, namkuta Fundi kizingitini. Begi mkononi, viatu vipya miguuni.

"Basi limekuacha?"

"Nimeliacha mimi. Mama Chiriku, nisitiri."

Akaketi juu ya boksi la vitabu, akasema yote kwa mkupuo. Daktari alikuwa amemwambia yeye kabla hata hajamwambia mumewe. Alijaribu kuikataa safari, Dereva akagoma kumeza dawa. Akakubali, Dereva akameza. Sasa wifi yake, dada wa Dereva, alikuwa nyumbani akimuuguza, na kutoka dukani mpaka kwao ni mitaa miwili tu.

"Nikiitwa nifike. Ndilo ninalotaka, basi. Yeye aone nimekwenda, na mimi niwepo."

Tayari nilikuwa na siri ya mume tumboni, sasa nakabidhiwa na ya mke. Ningefungua mdomo ningemwaga moja kati ya hizo mbili. Nikaamua kuinjika chai.

Tulimweka stoo, katikati ya maboksi. Mchana akampigia mumewe, simu kwenye spika ili nimsaidie, ramani imetandazwa mapajani.

"Tumepita mizani sasa hivi," akasema.

"Mbwa wapo?" Dereva akauliza.

Fundi akanitazama. Kitabu chake kinene hakikuwa na mbwa. Nikamtikisia kichwa kumkubalia.

"Wapo. Wamelala barabarani."

"Vizuri," alisema Dereva, na sauti yake ilikuwa na furaha kiasi kwamba Fundi aliikunja ramani yote vibaya.

Jioni nilimchukua kwangu alale na Chiriku. Tulipita mtaani kwao, upande wa pili wa barabara, yeye kajifunika mtandio mpaka puani. Dirisha la chumba chao lilikuwa na mwanga. Wifi alionekana akivuta pazia. Fundi alisimama pale akalitazama pazia kama vile linaonyesha kitu.

Kesho yake ilikuwa zamu ya maporomoko. Stoo kuna sinki dogo. Nikafungua bomba mpaka mwisho, maji yakalipiga bati la sinki, Fundi akashika simu karibu nayo.

"Nimefika, mume wangu. Fungua ile picha ya daraja. Ndipo niliposimama."

"Nimefungua. Yanasikikaje?"

Fundi akatupia jicho kitabuni. "Kama radi. Radi isiyokoma."

Nikaikumbuka ile injini, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na hapohapo bomba likakohoa, likatema mara mbili, likanyamaza. Chiriku akapaza sauti yake yote:

"Mama! Maji yamekatika!"

Fundi akafumba macho. Tukasubiri.

"Hata huko kuna mgawo?" Dereva akauliza taratibu. Kisha, "Na huyo mtalii mwenzako, mwambie asisogelee ukingo."

"Nitamwambia."

"Fundi."

"Abee."

"Tazama vizuri. Usiwe na haraka."

Hatukuwahi kuipanga simu inayofuata. Kabla ya alasiri wifi alipiga. Pumzi zimebadilika, alisema, njoo kama una njia ya kuja. Fundi akatoka mbio bila begi. Nikalibeba mimi, Chiriku mkono wa pili, duka nikalirudishia mlango tu.

Dereva alikuwa ameegemezwa mito, kitabu kinene kimefunikwa kifuani. Alimwona mkewe mlangoni, akaniona na mimi nyuma yake na begi.

"Umewahi," akasema. Maneno yalikuja moja moja. "Barabara ile ni ya siku nzima."

"Nimepita njia ya mkato."

"Kwenye ramani haipo."

"Aliyeichora alisimuliwa," Fundi akajibu.

Dereva akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, mkono wake mzima ukawa unapapasa shuka mpaka ukaupata wa mkewe. "Binti," akaniambia, "kitabu chako hakina vituo vya kutosha." Halafu akamgeukia mkewe. "Nilitaka tuagane mlangoni."

"Nimechoka kuagwa mlangoni, Dereva. Leo nipo ndani."

Nikatoka na mwanangu, nikaketi barazani. Chiriku aliuliza kama yule baba amelala. Nikamwambia bado. Taa za mtaani zilipowaka, wifi alitoka akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, na sikuhitaji kuambiwa.

Msiba ulipotulia, Fundi alikuja dukani peke yake. Akaviweka vile vitabu vinene viwili mezani.

"Vya huyu msimuliwa nimekurudishia. Nipe kile chembamba. Viwili."

Nikampa. Kimoja akakitia kwenye begi, kingine akanisukumia.

"Hiki kaa nacho wewe. Nimezoea kuwa na mtu upande wa pili."

Safari hii nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka kituoni, nikamwona anapanda, nikaliona basi linakata kona. Mchana alinipigia kutoka mizani. Mbwa wapo, alisema, ni wanene mno, na mmoja hakuamka hata kwa honi.

Asubuhi yake simu ililia nikiwa napanga rafu. Nikafungua kitabu kwenye daraja, nikaweka spika. Kwanza sikusikia mtu, ni mngurumo tu, mzito, wa chini kwa chini.

"Mama Chiriku, unasikia?"

"Nasikia."

"Siyo radi. Siyo radi hata kidogo. Hata sijui niseme ni kama nini. Kichwa kinajua, mdomo haujui."

Chiriku alitoka chini ya meza, kofia ya ramani kichwani. Akaisogelea simu, akatega sikio kwa utulivu ambao si wake kabisa. Kisha akanivuta gauni kunitoa kwenye njia.

"Mama, sogea. Lori linakuja."

Kule kwenye maji Fundi alimsikia. Akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko, na mngurumo ukawa unapanda nyuma yake kama mzigo mzito mlimani. Sikumwambia anyamaze. Nilishika ukurasa wangu usijifunge.

"Tazama vizuri," nikamwambia. "Usiwe na haraka."