Kurasa Kumi na Mbili za Mwisho

Bibi Candida hupenda kuwaambia watu kwamba ameuza vitenge Kariakoo miaka thelathini na moja na hajatokea mtu wa kumpiga changa la macho. Kabla hujamaliza kushangaa, anakuongezea mwenyewe: ukimtoa yule aliyemuuzia redio iliyojazwa mchanga, na yule mchumba wa pili. Jumanne hiyo alikuwa anapanda ngazi za maktaba ya Mchafukoge kwenda kumsomea mashtaka wa tatu.

Wa tatu alikuwa Vidhi, mkutubi, tena rafiki yake. Maktaba yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la mabomba. Kwa miaka minne Vidhi alikuwa akimtengea kiti cha dirishani, akimmiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa yake, na kumchagulia vitabu vya herufi kubwa bila kumtangazia kuwa macho yamechoka. Walicheka mpaka Mzee Chandu, mstaafu anayeanza gazeti kwenye matangazo ya vifo, akawa anawakoholea.

"Shikamoo, bibi," Vidhi akasema.

Bibi Candida hakuitikia. Shikamoo ile ikabaki imesimama kama mgeni aliyenyimwa kiti, hata Mzee Chandu akashusha gazeti.

Akatoa vitabu viwili mkobani, akavibwaga mezani. Kilikuwa kitabu kimoja, nakala mbili: hadithi ya dada wawili waliogombana. Moja ya maktaba, nyingine ameinunua jana Msimbazi kwa muuza vitabu vya mtumba. Ile ya maktaba haikuwa na kurasa kumi na mbili za mwisho. Alipoiazima mwezi Juni aliuliza inaishaje, na Vidhi, huku anapanga kadi, akamsimulia kwamba dada mkubwa anakwenda kubisha hodi kwa mdogo wake, wanalia, kisha wanapika.

Juni hiyo Bibi Candida alikuwa na miaka tisa hajaongea na Violeth, mdogo wake wa tumbo moja. Kwenye msiba wa mama yao kule Rombo, Violeth alisimama mbele ya ukoo mzima akasema dada ana Krismasi sita hajakanyaga nyumbani, kwake vitenge ndiyo mama. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana haikusameheka. Lakini baada ya hadithi ya Vidhi, simu ilipigwa. Na aliyepiga ni yeye mkubwa, yeye aliyeaibishwa.

"Soma mwisho," akasema sasa, akiisukuma ile nakala ya Msimbazi. "Kwa sauti, Mzee Chandu naye afaidi."

Vidhi hakusoma, maana aliujua. Dada mkubwa anafunga mlango kwa kufuli, na anakufa hajaufungua.

Akavuta droo, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na zile kurasa, zote. Akaeleza kwamba gundi iliachia, naye alitaka kuzibandika, ila alizisoma kwanza.

"Ukanificha."

"Nilikuona unavyokisoma, bibi. Kila ukifika kwa yule mdogo unakifunga. Nikaogopa."

Bibi Candida akashusha sauti. Sokoni, akishusha sauti, wateja walikuwa wanarudi nyuma.

"Mimi ni mtoto wa kukorogewa uji? Hasira yangu nimeilea miaka tisa, haikuwa yako wewe kuipunguza. Kama ni kusamehe, ningesamehe mimi. Sasa sijui aliyempigia Violeth ni mimi au ni wewe."

Vidhi machozi yakamlenga. Bibi Candida aliyaona, akaongeza moto. Akasema Violeth alikuja kumtembelea, sasa basi. Alfajiri ya leo amempeleka stendi kwa mkono wake, amempandisha basi la Moshi, na hataki tena kusikia jina lake. Maktaba nayo hataki tena kuiona. Amekuja kurudisha kadi. Akazamisha mkono mkobani aitoe aitupe. Ikatoka miwani, ikatoka limau, ikatoka leso yenye tangawizi. Kadi hakuna.

"Kwa hiyo nimewagombanisha upya," Vidhi akasema taratibu.

"Umetugombanisha. Kaa nalo hilo."

Ngazi zikalia kwa hatua za mtu mzito. Mwanamke aliyetokea mlangoni akihema alikuwa na pua ileile ya Bibi Candida, na gauni la kitenge kilichokatwa kwenye jora moja na chake. Mkononi ameshika kadi ya maktaba.

"Dada, umeiacha juu ya meza," akasema. "Na ulivyosema bila kadi huyu rafiki yako hakupi kingine hata ugaregare. Niazimie na mimi kimoja, nawahi, maharage nimeyaacha jikoni."

Vidhi akamtazama mgeni, kisha akamtazama Bibi Candida. Mzee Chandu akakunja gazeti polepole, akaangalia saa ya ukutani.

"Basi la Moshi siku hizi linawahi kurudi," akasema.

Bibi Candida akauinamia mkoba, akaendelea kutafuta kadi ambayo wote walikuwa wanaiona.