Nywele za Binti wa Msusi

Wateja walimwita msusi huyu Mkono Mwepesi, kwa kuwa mtu aliweza kusinzia kitini huku akisukwa naye. Siku alipomfumua bintiye wa pekee, aliyekuwa na kichanga wa miezi minne, chanuo lilirudi limejaa nywele. Akapitisha tena, likajaa tena.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Tulia, mwanangu. Kuna fundo."

Hapakuwa na fundo. Shoga yake aliyekuwa akisubiri zamu akanyoosha shingo. "Kinyozi hajinyoi, tunajua. Lakini wewe shoga unamvuna mwanao." Mteja wa pili akacheka, kisha akakumbuka ameacha sufuria jikoni, akaondoka.

Mama akafanya analolijua: akasuka upya, tena kwa kubana, akivuta nywele za utosini zifunike uwazi uliotokea pembeni mwa paji. Uwazi ukazidi. Binti akaanza kujifunga kitambaa hata ndani ya nyumba, na akimwona mama ameshika chanuo humbeba mtoto kwenda kumnyonyesha, hata kama mtoto amelala. Hilo ndilo lililomkata mama maini.

Akasali. Kama mkono wake umeingia mkosi, Mungu auondoe. Kama ni jicho la mtu, lipofuke. Hapo akajirudi, akaomba radhi, maana haifai kumwombea mtu upofu ukiwa umepiga magoti.

Siku ya kumpima mtoto uzito, akamtolea nesi mfuko wa nywele alizoziokota. Nesi akauinua unywele mmoja penye dirisha.

"Unaona kichwa hiki cheupe kwenye shina? Haukukatika, umetoka wenyewe. Nywele huota, hupumzika, huanguka. Mimba huzizuia zile za kuanguka. Akishajifungua, baada ya miezi michache zinaanguka kwa pamoja. Hata homa kali au msiba huleta hayo. Kwa wengi hurudi zenyewe."

Mama akakumbuka zilivyomtoka za kwake baada ya kufiwa na mumewe, na alivyosingizia mafuta mapya.

"Kwa hiyo si mkono wangu."

"Haukuzianzisha. Ila kubana kunaziongezea. Asisukwe kwanza."

"Nimpake nini?"

"Usimpake kitu. Mwaka ukipita hazijarudi, au ukiona mabaka, mlete."

"Basi mimi nifanye nini?"

Nesi alikuwa ameshamwita mwenye mtoto mwingine.

Jioni binti alivua kitambaa, akaketi sakafuni katikati ya magoti ya mama, kama zamani za utoto.

"Usisuke, mama."

"Sisuki."

Mikono ikakosa pa kwenda. Vidole vikaanza vyenyewe kutafuta njia ya kugawa nywele, akavikunja.

"Zisiporudi?"

Za kwake zilirudi, lakini hakuthubutu kumwapia mwanawe kwa hilo. "Nesi kasema zitarudi. Mimi sijui, mwanangu."

Unywele mmoja ukaanguka gotini pake. Akauacha hapo hapo.