Mstari wa Mutyaba

…na jasho lao bado limemganda, la yule wa kikwapa aliyemdaka mabegani na la mwenzake aliyemkamata miguu, miguu iliyonyauka kwa polio lakini inayosikia kila kitu, watu hawajui hilo, wanaminya tu, wakambeba juujuu wakaruka naye mfereji, "Pisheni, pisheni, tumemleta mama yetu!", na makofi yakapigwa, makofi kweli, kisha wakamtua hapa kwenye majani mabichi ya uwanja wa shule, katika mstari wa Mutyaba, bila kumuuliza, nani huliuliza gunia la mihogo linakwenda kwa nani… Nabbosa akajifuta shingo kwa ncha ya kitambaa, akajifuta tena, kinyaa hakifutiki. Ng'ambo ya mfereji baiskeli yake ya magurudumu matatu imebaki peke yake juani, na mbele ya mstari amesimama Mutyaba mwenyewe, mwenyekiti wa mtaa, kanzu nyeupe na koti juu yake, anatabasamu kama bwana harusi, na watu wake nyuma yake mmoja mmoja, maana hapa mtu humchagua mwenyekiti kwa kusimama nyuma yake mchana kweupe, kila jicho likuone… haya, na asiyesimama? Asiyesimama huwekwa. Mstari wa pili, mfupi kidogo, kule upande wa vyoo, ni wa Zalwango muuza mkaa, Zalwango wa kucha nyeusi, aliyelaza mbao mbili nene juu ya mfereji bila hotuba wala picha, "Pita shoga, jaribu, zikicheza niambie," na hazikucheza, Nabbosa akapita, akaenda sokoni kujichagulia ndizi mwenyewe, akaenda kanisani, akaenda hata pasipo na shughuli, kwenda tu, mpaka Mutyaba akazing'oa, eti wageni wa kuzindua barabara wanakuja na mbao zinachafua lami. Lami! Kabla ya lami palikuwa na vumbi na mashimo lakini alipita, wao wakachimba mfereji wa kumzika mtu wima, wakakata utepe, wakala kuku, na Mutyaba, midomo inang'aa mafuta, akainama, "Maendeleo hayo, mama, vumilia"… ptuu, maendeleo ya kumfungia mtu mlangoni kama mbuzi, halafu siku ya kura unamtuma kijana wa kikwapa akamfungue.

"Sikilizeni nyie!" Kalule, msimamizi, ameshika filimbi, anaipangusa kwa shati. "Nikishapuliza, hakuna kuhama mstari. Nikikugusa bega unachuchumaa, nisije nikakuhesabu mara mbili. Tumeelewana?"

Achuchumae… yeye keshakaa. Atampita, atadhani huyu tayari, na hapo moyo wake ukatulia, ukatulia kweli, Mutyaba hapati kura yake, hakuna wa kumnunia, jioni wanambeba kumrudisha na mambo yanakwisha… wanambeba, mikono ile ile, kikwapa kile kile, na Zalwango je? Zalwango atahesabiwa watu wake mmoja pungufu na mbao hazitarudi, na yeye Nabbosa atakuwa amekuja kwenye kura kama alivyokuwa mtaani miaka yote, yupo na hayupo, kinyaa kikamrudia, si kwa ajili ya Mutyaba sasa, kwa ajili ya ule utulivu wake mwenyewe. "Acha kumkodolea macho Zalwango," Mama Kizza, jirani yake, alinong'ona kutoka mbele bila kugeuka. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Jioni nani atakuvusha?" Ndiyo, nani… watasema fadhila za punda ni mateke, watamwacha huku giza limwingilie, na kuhama si kusema tu, kuhama ni kutambaa, mbele ya mtaa mzima, yeye aliyeapa siku aliyopata baiskeli kwamba mikono yake haitagusa tena udongo machoni pa watu, awasikie watoto wakimwimbia ule wimbo wao wa chura… kandambili za mikono, zile za tairi, zimo mkobani, alizibeba kwa ajili ya chooni tu. Chooni hutambaa bila kusita, kumbe. Kwenye mikojo ya watu hutambaa. Na hapa majani ni safi, yana umande tu, aibu hii ni ya nani hasa, yake au ya aliyeng'oa mbao? Akafungua mkoba.

"We mama wa huko nyuma!" Kalule, filimbi karibu na mdomo. "Mbona umeshachuchumaa, nami sijaanza?"

Watu wakacheka, hata Mutyaba akageuka na tabasamu lake. Nabbosa akavaa kandambili ya kulia, akavaa ya kushoto, akakaza mkanda kwa meno.

"Sijachuchumaa, bwana," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka vyooni. "Mimi hivi ndivyo ninavyosimama. Usipulize kwanza, nimewekwa mstari usio wangu."

Akaweka mikono chini.