Mawaridi Mbele ya Mikono

Waliniwekea maua mbele ya mikono. Mawaridi mekundu, fungu zima kwenye chombo cha shaba, na mwongozaji wa kipindi akayasogeza mwenyewe mpaka kamanche yangu ikapotea yote, nyuzi na upinde wake. Ndivyo televisheni yetu inavyofanya: muziki usikike, ala isionekane. Nikabaki kichwa na mabega, kama mtu anayejikuna goti kwa siri.

Nilikuwa nimelizoea jambo hilo, kama Tehran nzima ilivyolizoea. Lakini siku ile, kule kwetu Khorramabad, baba yangu Morad-Ali alivaa koti lake la harusi akaketi mbele ya televisheni. Ndiye aliyenifundisha kamanche, kwa bakora na matusi, tangu enzi nikiketi kitini miguu haifiki chini. Masikio yake yalikuwa yamekufa kitambo. Muziki wangu angeusikia kwa macho tu, kwenye vidole.

Mama akapiga simu. "Baba yako anauliza, ulikuwa unapiga au unamwagilia bustani?"

Nyuma yake nilimsikia mzee akilia, yeye aliyenichapa miaka yote bila kupepesa jicho. Hasira iliyonishika siku ile sijaipoza hadi leo, wala sina haja ya kuipoza. Kesho yake niliacha okestra ya televisheni. Mwongozaji yule wa kipindi akaniambia nitakufa njaa. Nikamwambia atangulie yeye, azikwe na mawaridi yake.

Nikashuka chini ya ardhi, kwenye metro. Kule chini mtu mwenye shahada ya muziki anawapigia watu wanaokimbilia treni, na wengi hawageuzi hata shingo. Niliwachukia kila asubuhi. Lakini mikono yangu ilikuwa wazi chini ya taa, na hilo ndilo nililolitaka. Nikatuma salamu nyumbani baba aje.

Alikuja kwa basi, amevaa koti lilelile, bakora mkononi. Akatazama kuta, akatazama ngazi zinazojiendesha, akanitazama mimi.

"Shahada yote ile, umeishia kwenye shimo la panya?"

Nikamwekea kigoda. Akaketi goti kwa goti nami, nikaanza wimbo wa kwanza alionifundisha, ule wa kuombolezea wafu wa kwetu. Macho yake yalivishika vidole vyangu yasiachie. Midomo ikawa inahesabu mapigo. Nikaogopa kama mtoto.

Kabla sijafika katikati, mlinzi wa kituo akaja akasimama kati yetu, mgongo kwa baba.

"Kaka, kusanya vitu vyako. Hapa si ukumbi wa harusi."

"Nimalize huu mmoja."

"Kamalizie kwenu!"

Sikuacha kupiga. Kinywa kilinijaa maneno ambayo mama asingependa kuyasikia, na ningeyatema yote, ila bakora ya baba iliwahi. Ilimgonga mlinzi nyongani.

"Sogea, we waridi!" baba akapaza sauti, kama viziwi wapazavyo, hata watu wote wa ngazini wakageuka. "Namtazama mwanangu!"

Mlinzi akasogea. Labda hakuna aliyewahi kumwita ua. Nikaumaliza wimbo wote, mpaka mpigo wa mwisho, na treni mbili zikapita.

Baba akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Kidole cha tatu," akasema, "bado kivivu."